Nani Mwingine Anakohoa

Kilinianza Keko, karakanani,
nikiranda ubao wa mninga.
Nikasema ni vumbi.
Nikalilaumu vumbi
kama unavyomlaumu mpangaji aliyekwisha kuhama.

Wiki ya pili kikapata mwendo wake:
kumi, kumi na mbili, kumi na tano, bila kituo,
pumzi zinatoka tu, hazirudi,
halafu ule mluzi, hewa ikipenya tundu la ufunguo,
halafu chai ya asubuhi na kipande cha muhogo
juu ya maranda.
Nikafunika kwa maranda mengine.
Nikaendelea kupiga msasa.

Chambuso, mpaka vanishi wetu, alisema: Hicho kimeo.
Kinaning'inia kooni, kinakutekenya.
Yupo mtu Vingunguti, ana kisu chake, dakika moja tu.
Mama mwenye nyumba alisema tangawizi.
Wa duka la dawa aliniuzia chupa ya zambarau,
hakuniuliza kitu, chenji akanipa pipi.

Na nyumbani, chumba kimoja na pazia,
alikuwapo dada yangu Sikujua, amekuja kujifungulia kwangu,
na Arafa, wiki tano,
uzito wa randa mbili.
Jioni nilimbeba ili mama yake akaoge.
Nikikohoa niligeuza uso.
Naapa niligeuza uso.

Yeye hakupiga mluzi.
Hilo ndilo lililotudanganya.
Alikohoa kama paka, mara tatu, mara nne,
maziwa yakamtoka puani,
kisha akanyamaza,
midomo ikawa zambarau, ile ile ya chupa yangu.
Sikujua alimlaza kifudifudi mkononi,
akampigapiga mgongo, akamwita jina lote, Arafa binti Mbaraka,
kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara ya Kilwa
malori yakipita.
Akarudi. Akalia.
Hatujawahi kupenda kelele namna ile.

Temeke, saa nane usiku, kwa bajaji ya jirani.
Nesi akafungua kadi ya kliniki,
kidole kikashuka hadi mstari wa wiki sita,
mweupe.
"Zilibaki siku nne," alisema, si kwetu, aliiambia kadi.
Kisha akainua macho:
Nyumbani, nani mwingine anakohoa?

Dada yangu ndiye anayeitwa Sikujua.
Usiku ule jina lilikuwa langu.

Nilibana. Kifua kikawa droo iliyovimba kwa mvua,
ukivuta haiji, ukisukuma hairudi.
Nikafika mlangoni, nikashika nguzo,
nikakohoa mpaka goti likagusa zege,
mluzi ukaja, wali wa jioni ukaja,
na kila mama kwenye benchi
akamvuta mwanawe kifuani.
Nesi hakungoja jibu lingine.
"Kifaduro," alisema,
kwa sauti ya mtu anayefungua mlango
akamkuta jamaa asiyemtaka, na mabegi yake.

Wamenipa vidonge vya siku tano, wodini nisiingie.
Kwa hiyo nipo nje, upande wa dirisha,
kati ya kandambili za watu na ndoo ya mopu.
Sikujua anamnyanyua nimwone:
mpira mwembamba puani, plasta shavuni,
ngumi moja imefumbwa.
Juzi nilimpimia kitanda,
nikaandika vipimo kwa penseli ukutani.
Sijui kama vitabaki vile vile.

Kumepambazuka. Chambuso kapiga simu.
Ameuliza habari za mtoto, nimemwambia anapumua.
Akasema alhamdulillahi,
akasema mjukuu wake naye ana wiki tatu,
yupo hapa mapajani,
na hapo hapo akakohoa.
Nikajikuta nahesabu.
Kumi. Kumi na mbili.
Nikaibana simu sikioni, nikausikia mluzi.

"Vanishi tu hii," akasema.